Programu ndani ya editeri ya maandishi: wakati gani utumie fonksioni ya chini, wakati gani ya juu

Ndani ya radio za kwetu, matangazo hayakosekanaka: kilio, mkutano wa wazazi, karata ya uchaguzi iliyopotea, siku ya chanjo. Yanaandikwa ndani ya ordinatere, yanasahihishwa, kisha msomaji anayapeleka hewani. Kama biro iko na kijana anayejua kupanga programu kidogo, kazi ya kusahihisha inaweza kuachiwa mashini. Siku ya mkutano imesogezwa? Programu inabadilisha siku hiyo ndani ya matangazo yote kwa mara moja.

Tuchukue mfano wa tangazo hili, lililoandikwa kwa mstari mmoja:

«Wazazi wote wanaombwa kufika Jumatatu saa ine ya asubuhi. Atakayekosa Jumatatu hataandikwa.»

Mkutano unapelekwa Jumanne. Kijana anaendesha programu yake, anaona neno Jumanne limeingia, anafunga mashini. Lakini kumbe ndani ya fishiye tangazo limekuwa hivi:

«Wazazi wote wanaombwa kufika Jumanne saa ine ya asubuhi. Atakayekosa Jumatatu hataandikwa.»

Mzazi anayetoka Idjwi afanye namna gani na tangazo kama hilo? Atalipa boti mara mbili, ao atabaki nyumbani. Na ajabu ni kwamba kwa mashini ya kijana mwenyewe programu ileile ilifanya kazi vizuri. Ilikosea kwa mashini ya mwenzake tu.

Kosa la namna hii si la bahati mbaya. Linatoka kwa uchaguzi ambao kila mtu anayepanga programu ndani ya editeri ya maandishi anaufanya, hata asipojua: atumie fonksioni ya juu ao ya chini? Makala hii inaeleza tofauti hiyo na namna ya kuchagua.

Juu na chini, maana yake nini?

Ukimtuma mtoto sokoni Kadutu na kumwambia «lete sambaza», umetoa amri ya juu. Mtoto atachagua mama muuzaji, atapatana bei, labda ataongeza pilipili kwa sababu nyumbani munazoea hivyo. Ukimwambia «enda kwa mama wa kwanza kwenye mlango, nunua za franka elfu tano, rudi», umetoa amri ya chini. Ya kwanza ni fupi na inategemea desturi za nyumba yenu. Ya pili ni ndefu, lakini hata mtoto wa jirani ataitimiza vilevile.

Ndani ya editeri ni hivyo. Neno fonksioni hapa tunalitumia kwa upana: ni kila kitendo ambacho programu inaweza kuomba editeri ifanye. Fonksioni ya juu ilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye na mikono kwenye klavye. Inakumbuka alikuwa wapi, inaweka alichofuta pembeni ili akirudishe, inafuata mipango yake, inamuuliza maswali. Fonksioni ya chini inafanya jambo moja, kwa mstari ao herufi uliyotaja, halafu inanyamaza.

Mifano mingi tutaitoa kwa Vim. Ni editeri ya bure, ndogo, inafanya kazi hata kwa ordinatere ya zamani isiyo na intaneti. Tena iko na uhusiano na eneo letu la Maziwa Makuu. Bram Moolenaar, Muholanzi aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 1991, alikaa mwaka mzima wa 1994 Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, akifanya kazi ya maji na usafi kwa kituo cha watoto, katika eneo ambako ukimwi ulikuwa umeacha mayatima wengi. Vim inatolewa bure, na tangu hapo anayeipenda anaombwa asaidie watoto wa Kibaale. Ukiifungua bila fishiye, ukurasa wa kwanza unawataja watoto wa Uganda. Moolenaar alikufa mwezi wa 8, mwaka 2023, wengine wanaiendeleza.

Turudi kwa tangazo: neno la pili lilibaki kwa nini?

Kijana alitumia amri ambayo kila mtumiaji wa Vim anaifahamu:

`:%s/Jumatatu/Jumanne/g`

Ile `g` ya mwisho inasema: badilisha kila mahali ndani ya mstari, si mara ya kwanza tu. Lakini Vim iko na mpango unaoitwa `gdefault`. Mtu akiuwasha, kubadilisha kila mahali kunakuwa desturi, na `g` inageuka kinyume: inasema mara ya kwanza tu. Mwenzake alikuwa ameuwasha kwa faida yake mwenyewe, ili asiwe anaandika `g` kila mara. Hakuna aliyekosea peke yake. Amri ya juu ilitii desturi za nyumba ilimotumiwa. Maelezo ya Vim yenyewe yanaonya kwamba mpango huo unaweza kuharibu programu zisizoujua.

Sasa tuangalie njia ya chini:

```
for n in range(1, line('$'))
  call setline(n, substitute(getline(n), '\CJumatatu', 'Jumanne', 'g'))
endfor
```

Maana yake: kwa kila mstari, tangu wa 1 mpaka wa mwisho, chukua maandishi yake, badilisha neno, yarudishe mahali pake. `getline` inasoma mstari, `setline` inauandika. `substitute` haiangalie `gdefault`: ukiipa `'g'` inabadilisha yote, popote pale. Na ile `\C` inalazimisha herufi kubwa na ndogo zitofautishwe, hata kama mtu amewasha mpango wa `ignorecase` unaoziona sawa. Kielekezi cha mtumiaji kinabaki palepale kilipokuwa.

Mistari mitatu kwa nafasi ya mmoja. Hiyo ndiyo bei. Faida ni kwamba programu ya biro ya Ibanda itatoa jibu lilelile Bagira, Uvira ao Goma.

Programu inayobonyeza vitufe

Njia inayovutia zaidi wanaoanza ni kuambia Vim: «fanya kama vile mimi nimebonyeza vitufe». Amri yake ni `normal`. Ukiandika `normal dd`, Vim inafanya kama mtu aliyebonyeza `d` mara mbili, yaani inafuta mstari. Ni rahisi, kwa sababu unaandika kile ambacho mikono yako inafanyaka kila siku.

Shida: vitufe vina maana ambayo kila mtu anaweza kuibadilisha. Na kwetu watu wako na sababu ya kufanya hivyo. Klavye nyingi hapa ni za Kifaransa, AZERTY, na Vim ilipangwa kwa klavye ya Kiingereza. Alama kadhaa zinazotumika sana ziko mbali na vidole, kwa hiyo mtu anahamisha vitufe.

Tena kuna badiliko moja linalopendwa kila inchi. Kitufe `j` kinashuka mstari mmoja. Mstari mrefu unapokunjwa kwenye kioo na kuonekana kama mistari mitatu, `j` inairuka yote mitatu, kwa sababu ndani ya fishiye ni mmoja tu. Wengine hawapendi hivyo, wanaipa `j` kazi ya `gj`, inayoshuka kwa kufuata kinachoonekana kwa macho.

Sasa weka programu yenye `normal j`, inayotia namba kwa kila tangazo, juu ya mashini kama hiyo. Tangazo refu litapata namba mara mbili ao tatu. Ukipanua dirisha, matokeo yanabadilika. Programu ambayo jibu lake linategemea upana wa dirisha haiaminike.

Dawa ya kwanza ni kitu kidogo sana: alama ya mshangao. `normal!` inatumia vitufe kwa maana yake ya asili, bila kujali mtu alivyovihamisha. Kama lazima utumie vitufe, usiisahau. Dawa ya pili, iliyo bora, ni kuacha vitufe na kutembea kwa namba za mistari, kama tulivyofanya kwa `getline` na `setline`.

Lakini tusiseme `normal` haina kazi. Kupanga upya aya yote ili mistari isipite upana fulani ni kazi ngumu kuiandika mwenyewe tangu chini. `normal! gqap` inaifanya kwa mara moja. Ukiiandika mwenyewe herufi kwa herufi, utaongeza makosa yako juu ya kazi ambayo Vim iliisha kuimaliza.

Kile mtu alichokopi kinapotea

Mhariri amekopi aya ya habari kutoka fishiye moja, anataka kuikole ndani ya nyingine. Kabla ya kuikole, anaendesha programu ya kusafisha mistari mitupu. Anakole, na kinachotoka ni mstari mtupu. Aya yake iko wapi?

Programu ilifuta mistari kwa `normal! dd`. Hata ikiwa na alama ya mshangao, `dd` ni kitendo cha mtu: kila inachofuta inakiweka kwenye regista, yaani pale pembeni ambapo kopi-kole inachukua vitu. Mstari mtupu ulikwenda kukalia kiti cha aya.

Njia mbili za chini zinazuia hilo. Ya kwanza ni `:delete _`. Ile alama `_` ni regista ya shimo: kinachotupwa humo hakirudi, na hakigusi regista nyingine. Ya pili ni fonksioni `deletebufline`, inayofuta mstari uliotaja kwa namba yake.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi wanaoshuka chini mara ya kwanza. Ukifuta mstari wa 5, uliokuwa wa 6 unakuwa wa 5. Programu inayotoka juu kwenda chini itauruka. Anza mwisho wa fishiye, panda mpaka mstari wa 1. Mtu anayefuta kwa mkono haoni shida hiyo, kwa sababu macho yake yanamwongoza. Ukichagua chini, ni wewe unayebeba hesabu.

Herufi za kwetu: hapa kushuka sana ni hatari

Mpaka sasa inaonekana kwamba chini ndiyo salama siku zote. Hapana. Angalia namna ordinatere inavyohesabu herufi.

Herufi `a` inachukua bayiti 1. Herufi `é` ya Kifaransa, kwa mfumo wa UTF-8 unaotumiwa leo, inachukua kwa kawaida bayiti 2. Herufi `ɛ́` ya Lingala, ile ya wazi yenye alama ya sauti ya juu, haina namba yake moja ndani ya Unicode: ni `ɛ` na alama inayofuata, kila moja bayiti 2. Kwa jicho ni herufi moja, kwa Unicode ni alama mbili, kwa ordinatere ni bayiti 4.

Fonksioni `strlen` ya Vim inahesabu bayiti. `strchars` inahesabu alama, na ukiiandikia `strchars(maneno, 1)` inachukulia herufi na alama iliyo juu yake kuwa kitu kimoja. Ukikata maandishi kwa njia ya chini kabisa, kama `maneno[0:29]`, Vim ya kawaida inakata bayiti 30. Kama bayiti ya 30 iko katikati ya `é`, jina la mtu linaishia na uchafu usiosomeka. Kwa kazi hiyo panda juu hatua moja: `strcharpart` inakata kwa herufi nzima.

Jambo hili linagusa radio zinazotuma matangazo kwa SMS. SMS moja inabeba herufi 160 za alfabeti ya kawaida ya telefone, ambayo `é` imo. Ukitia herufi isiyomo, kama `ɛ`, nafasi inashuka mpaka 70. Programu inayohesabu bayiti ikidhani inahesabu herufi itakata tangazo mapema, ao itakulipisha SMS mbili bila wewe kujua.

Kiswahili nacho kiko na shida yake: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa. Kwa Vim, neno ni mfululizo wa herufi zilizotajwa ndani ya mpango wa `iskeyword`, na kwa kawaida alama ya `'` haimo. Kwa hiyo ukisimama mwanzo wa «ng'ombe» na kutumia `dw`, yaani futa neno, Vim inafuta `ng` peke yake, inakuachia «'ombe». Programu inayohesabu maneno kwa mtindo huo itahesabu ng'ombe kama vipande.

Ukitumia `dW` kwa herufi kubwa, inafuta mpaka nafasi tupu, na koma inakwenda pamoja na neno. Hakuna moja inayokijua Kiswahili. Hapo unaandika mwenyewe neno ni nini: herufi, na `'` inayofuata `ng`. Fonksioni ya juu inabeba mazoea ya waliyoitengeneza, na wengi wao walifikiria Kiingereza.

Kuhifadhi: umeme ukikatika katikati

Delestaje tunaifahamu wote. Ndiyo maana swali la kuhifadhi linastahili kufikiriwa kuliko mengine.

Mtu anapofungua fishiye ndani ya Vim kwa kawaida, Vim inatengeneza pembeni fishiye ya usalama, ambayo jina lake linamalizikia kwa `.swp`. Inaijaza kila baada ya herufi 200 zilizoandikwa, ao mtu anapopumzika sekunde 4. Umeme ukienda, unaporudi unaandika `vim -r` na jina la fishiye, na sehemu kubwa ya kazi inapatikana.

Amri ya juu ya kuhifadhi, `:write`, nayo iko na ulinzi wake. Kwa mpango wa kawaida inatengeneza kopi ya fishiye ya zamani kabla ya kuandika juu yake, na inaifuta tu kazi ikiisha vizuri. Tena inaangalia kama mtu mwingine alibadilisha fishiye tangu ulipoifungua, na inakuonya.

Fonksioni ya chini, `writefile`, haifanyi hata moja ya hayo. Unaipa mistari na jina, inaandika. Ni nzuri kwa fishiye mpya ambayo hakuna aliyeifungua: orodha ya leo, ripoti, kopi ya kuchapa. Haishtui programu nyingine zilizofungwa kwenye kitendo cha kuhifadhi. Lakini ukiitumia kuandika moja kwa moja juu ya fishiye pekee ya matangazo, na umeme ukatike katikati, unaweza kukuta fishiye nusu, bila ya zamani wala mpya.

Kama unataka chini na usalama pamoja, fanya hatua mbili: `writefile` iandike kwenye jina jipya, kisha `rename` ilipatie jina la zamani. Ajali ikitokea katika hatua ya kwanza, ya zamani iko palepale. Ao, kwa kifupi: panda juu, tumia `:write`. Ulinzi huo wengine walishaupanga na kuujaribu miaka mingi.

Kwa Emacs somo ni lilelile

Wanaotumia GNU Emacs, ambayo Richard Stallman aliitoa mara ya kwanza mwaka 1985, watatambua hadithi hii. Huko, `kill-region` inafuta na kuweka pembeni kwa ajili ya mtu. `delete-region` inafuta tu. `beginning-of-buffer` inampeleka mtu mwanzoni na kuacha alama pale alipotoka, hata ikiharibu alama aliyokuwa ameiweka mwenyewe; `goto-char` inakwenda bila kuacha kitu. `find-file` inafungua fishiye mbele ya macho na inaweza kuuliza maswali. `insert-file-contents` inaleta maandishi peke yake.

Mfano mzito zaidi ni `next-line`. Mpaka Emacs 22 ilikuwa inashuka kwa mstari wa fishiye. Toleo la 23, la mwaka 2009, liliifanya ifuate mstari unaoonekana kwenye kioo, kwa sababu wanaoandika walipenda hivyo. Programu zilizoitumia kama fonksioni ya kazi zilibadilika tabia bila mtu kuzigusa. Zile zilizotumia `forward-line` hazikusikia kitu. Fonksioni ya juu inaweza kubadilishwa wakati wowote ili kumfurahisha mtumiaji. Ya chini inabadilishwa kwa nadra, kwa sababu nyingine nyingi zimejengwa juu yake.

Emacs inasaidia kwa hili: maelezo ya fonksioni kama `next-line` na `beginning-of-buffer` yanasema wazi kwamba ni za kutumiwa na mtu, na yanataja utakayotumia ndani ya programu.

Lakini hata ya chini inaweza kuwa na akili yake. `replace-match`, bila maelekezo zaidi, inafuata ukubwa wa herufi zilizokuwepo. JUMATATU inakuwa JUMANNE, na hiyo ni vizuri. Lakini ukibadilisha SNEL kuwa Regideso, utapata REGIDESO. Usiamini jina «chini» bila kusoma maelezo.

Maswali matano kabla ya kuchagua

1. *Nani anashika klavye?* Kama kitendo ni cha mtu anayeandika wakati huo, fonksioni ya juu inamfaa. Kama programu inafanya kazi peke yake, anza na ya chini.

2. *Inagusa nini zaidi ya kile nilichoomba?* Kielekezi, regista, alama, neno la mwisho lililotafutwa, maswali kwa mtumiaji. Kila kinachoguswa bila lazima ni mali ya mwenzako.

3. *Kwa mashini ya mwingine itatoa jibu lilelile?* Jibu likitegemea mipango, vitufe vilivyohamishwa ao upana wa dirisha, shuka.

4. *Ya juu iko na ulinzi ninaouhitaji?* Kuhifadhi, kukata herufi zenye alama, kupanga aya: hapa usishuke kwa kiburi. Ukishuka, ulinzi unakuwa kazi yako.

5. *Atakayenifuata ataelewa?* Kijana wa programu anaweza kupata kazi mahali pengine. Mistari mitatu iliyo wazi ni afadhali kuliko `normal!` moja yenye vitufe kumi na tano ambavyo hata mwandishi wake amevisahau.

Kujaribu na kujifunza bila mega

Usijaribu programu kwa mashini yako tu. Fungua Vim kwa `vim --clean`: inaanza bila mipango yako yoyote. Iendeshe. Kisha andika `:set gdefault ignorecase` na uiendeshe tena kwa kopi nyingine. Matokeo yakitofautiana, umepata mahali pa kosa kabla ya msikilizaji kulipata.

Kujifunza hakuombe mega. Maelezo yote ya Vim yanaingia pamoja nayo kwa mashini: `:help function-list` inaonyesha fonksioni kwa makundi, `:help :normal` inaeleza ile alama ya mshangao, na `:help uganda` inaeleza habari ya Kibaale. Kwa anayeanza, `vimtutor fr` ni masomo ya Kifaransa ya kufanya kwa mkono.

Na kwa kijana wa matangazo yetu, amri moja ya mwisho. Programu ikiisha kubadilisha siku, andika:

`:echo search('\cjumatatu', 'nw')`

Ile `\c` ndogo inatafuta neno kwa maandishi yoyote, hata kichwa cha habari kilichoandikwa JUMATATU chote kwa herufi kubwa, ambacho `\C` yetu ya hapo juu ilikiacha. Likijibu 0, hakuna lililobaki. Likijibu namba nyingine, huo ndio mstari wa kwenda kuangalia. Kisha tangazo lisomwe na mtu kwa sauti, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, kabla ya kwenda hewani.